Elias Howe: Kesi Alishinda, Jina Likaenda kwa Singer

Muulize mtu yeyote mtaani nani aliyevumbua cherehani, uwezekano mkubwa atakujibu Singer. Humlaumu. Jina lenyewe limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye chuma cheusi, na chuma hicho kimekaa kwenye mabaraza ya mafundi wetu toka enzi za mabibi na mababu. Lakini huyo Singer alishtakiwa mahakamani kwa kutumia uvumbuzi wa mtu mwingine, akashindwa, akalipa. Aliyemshinda anaitwa Elias Howe. Na Howe naye, ukimchunguza vizuri, hakuwa wa kwanza. Sasa kwa sisi ambao kila mwaka tunaandika miradi ya kumalizia chuo, tunashiriki mashindano ya ubunifu na kuota siku moja wazo letu litatutoa, maisha ya huyu jamaa yanafaa kusomwa taratibu, maana ndani yake kuna mambo ambayo hatufundishwi darasani.

Elias Howe alizaliwa tarehe 9 Julai 1819 katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mashine ya kusaga nafaka. Familia ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo, na Elias mwenyewe alikuwa na mwili dhaifu na mguu uliomfanya achechemee. Kazi za shamba hazikumfaa. Mwaka 1835, akiwa na miaka 16, akaenda Lowell, mji uliokuwa umejaa viwanda vya nguo, akajifunza kazi ya mashine. Haikupita miaka miwili, uchumi wa Marekani ukaanguka. Ni ule mtikisiko wa mwaka 1837, viwanda vikafungwa na vijana wakatimuliwa kazini. Howe akahamia Cambridge, na baadaye akapata nafasi Boston kwa fundi mmoja aitwaye Ari Davis, aliyekuwa akitengeneza na kukarabati vifaa vya kupimia na vya kisayansi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Cheti hakupata, ila alitoka pale akijua namna vipande vya chuma vinavyoweza kupangwa vifanye kazi moja kwa zamu bila kugongana.

Inasimuliwa kwamba siku moja pale kwa Davis alisikia watu wakijadili kwamba atakayeweza kutengeneza mashine ya kushona atakuwa tajiri. Wengine walicheka, Howe hakusahau. Mwaka 1841 alioa, mkewe akiitwa Elizabeth. Miaka michache baadaye walikuwa na watoto watatu, na mshahara ulikuwa dola 9 kwa wiki. Kuna siku alirudi nyumbani amechoka hata kula hawezi, analala tu. Mkewe akaanza kuchukua kazi za kushona kwa mkono ili kuongeza kipato. Howe akawa anakaa akimtazama: mkono unapanda, mkono unashuka, sindano inapita kwenye kitambaa upande huu na kurudi upande ule, saa nzima, usiku mzima.

Mwanzoni akafanya kosa ambalo karibu wavumbuzi wote waliomtangulia walilifanya. Alijaribu kutengeneza mashine itakayoiga mkono wa mwanadamu. Mashine haina vidole, haiwezi kuachia sindano upande mmoja na kuidaka upande wa pili kirahisi. Ilibidi aachane kabisa na namna mkono unavyoshona. Badala ya sindano yenye tundu mwishoni, aliweka tundu karibu na ncha, pale pale kwenye makali. Sindano ikawa haipiti yote. Inatoboa kitambaa, inapeleka uzi chini, kisha inarudi nyuma kidogo na kuacha kitanzi. Kupitia kitanzi hicho, kidude chembamba mfano wa mtumbwi kinapita kikiwa kimebeba uzi wa pili. Sindano ikirudi kabisa, nyuzi mbili zimeshafungana katikati ya kitambaa. Ukitazama mshono wa shati ulilovaa sasa hivi, kwa sehemu kubwa ni mshono huo huo.

Kuna hadithi maarufu inayosema Howe alipata wazo la tundu kwenye ncha kwa njia ya ndoto. Eti aliota amekamatwa na watu wa porini, mfalme wao akamwamuru atengeneze cherehani la sivyo auawe, na wakati anapelekwa kuuawa akaona mikuki yao ina matundu kwenye ncha. Ni hadithi tamu, na unaweza kuona kabisa ni watu wa aina gani waliokusudiwa kwenye hizo picha za watu wa porini. Tuiache ilipo. Sindano yenye tundu kwenye ncha ilishatengenezwa New York zaidi ya miaka kumi kabla yake, na aliyeitengeneza tutakutana naye muda si mrefu.

Wazo bila mtaji ni maneno tu, hilo hata sisi tunalijua. Howe alikuwa na bahati ya rafiki, George Fisher, mfanyabiashara wa makaa na kuni pale Cambridge. Mwishoni mwa mwaka 1844 wakakubaliana: Fisher ataichukua familia ya Howe ikae nyumbani kwake, atatoa dola 500 za vifaa, na uvumbuzi ukifanikiwa nusu ni yake. Howe akajifungia ghorofani chini ya paa, akapiga kazi kipupwe chote. Aprili 1845 mashine ilishona mshono wake wa kwanza. Julai mwaka huo huo ikashona suti mbili, moja ya Fisher, moja ya Howe mwenyewe.

Akaipeleka Boston, kwenye kiwanda cha nguo cha Quincy Hall, akawaita mafundi waje washindane nayo. Wakachaguliwa washonaji watano wa kike, wenye mikono miepesi. Kila mmoja akapewa mshono mmoja, Howe akapewa mitano. Mashine yake ilikuwa inapiga mishono kama 250 kwa dakika. Akawamaliza wote, na kazi yake ikaonekana imenyooka zaidi. Ungedhani siku hiyo oda zilimiminika. Hakuna aliyenunua. Bei ilikuwa kama dola 300, fedha nyingi sana kwa fundi wa wakati ule. Wengine waliogopa itawanyima watu kazi. Na tuseme ukweli, mashine yenyewe ilikuwa na kasoro: kitambaa kilining'inizwa kwenye bamba lenye vipini, ikashona mstari mfupi ulionyooka, kisha unasimama, unakipanga upya. Kona haikati.

Hata hivyo aliomba hataza, yaani ile haki ya kisheria inayompa mvumbuzi peke yake mamlaka juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Alipewa tarehe 10 Septemba 1846, hataza namba 4,750. Karatasi akawa nayo, mteja hana. Fisher akachoka kutoa fedha.

Ndipo kaka mtu, Amasa, alipovuka bahari kwenda London na mashine moja kutafuta soko. Akampata William Thomas, mwenye kiwanda cha miamvuli, mabegi na yale mavazi ya kubana kiuno waliyovaa wanawake wa zama hizo. Thomas akainunua mashine pamoja na haki ya kuitumia kwa pauni 250, kisha akaenda kuchukua hataza ya Uingereza kwa jina lake mwenyewe. Akamwalika Howe aje London airekebishe mashine ifae kazi za kiwanda chake, kwa pauni 3 kwa wiki. Mwaka 1847 Howe akaenda, na familia ikamfuata. Kazi ilipoisha, uhusiano nao ukaisha. Howe akajikuta kwenye jiji kubwa la ugenini, hana kazi, ana mke mgonjwa na watoto watatu. Nani alikuwa na makosa hapo? Kwa sheria ya Uingereza, Thomas alikuwa na karatasi. Howe karatasi yake ilikuwa ya Marekani, na hataza haivuki mpaka kama pasipoti. Ni jambo dogo kwenye vitabu vya sheria, lakini kwa familia moja lilikuwa tofauti ya shibe na njaa.

Aliitanguliza familia nyumbani kwa fedha za kukopa. Yeye mwenyewe, ili apate nauli, aliweka rehani mashine yake ya kwanza pamoja na ile ile karatasi ya hataza. Alifika New York mwaka 1849 akiwa na sarafu chache mfukoni, akatafuta kazi ya ufundi. Hapo ndipo taarifa ikamfikia kwamba Elizabeth yuko mahututi Cambridge kwa kifua kikuu. Nauli ya kumpeleka huko hana. Ilibidi asubiri baba yake amtumie dola 10. Alimkuta mkewe angali hai, na muda mfupi baadaye akafariki. Nguo ya kuvaa mazikoni aliazima. Tafakari hilo: mtu aliyeshona suti mbili za kwanza za mashine yake hakuwa na suti ya kumzikia mke ambaye mikono yake ndiyo ilimfundisha kazi. Kama vile hiyo haitoshi, meli iliyokuwa imebeba vitu vyao vichache vya nyumbani kutoka Uingereza ikapotea baharini.

Akiwa bado kwenye majonzi, akagundua jambo lingine. Wakati yeye anahangaika London, Marekani ilikuwa imeamka. Cherehani zilikuwa zinatengenezwa, zinaonyeshwa kwenye maonyesho, zinauzwa. Na nyingi zilitumia sindano yenye tundu kwenye ncha na mshono wa nyuzi mbili.

Mmoja wa waliokuja kwa kasi ni Isaac Merritt Singer. Huyu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1811, mwigizaji wa jukwaani, mrefu, mwenye sauti na mbwembwe, na mambo yake ya wanawake yalikuwa mengi kiasi kwamba alizaa watoto 24. Mwaka 1850 alifika kwenye karakana ya Orson Phelps huko Boston, akazikuta cherehani za muundo wa wengine zinazoharibika kila mara. Akazitazama na kuona kinachokosekana. Kwa siku 11 na kama dola 40, kwa simulizi lililozoeleka, akatengeneza mashine yake: sindano inapanda na kushuka wima, kitambaa kinalala juu ya meza, kuna mguu unaokikandamiza, na mashonaji anakanyaga kwa miguu ili mikono ibaki huru. Tarehe 12 Agosti 1851 akapata hataza namba 8,294. Mashine ya Singer ilishona mfululizo na kukata kona. Ilikuwa bora kuliko ya Howe, hapo hakuna ubishi. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu cha Howe.

Howe akadai malipo. Singer akakataa. Nusu nyingine ya hataza, ile iliyokuwa ya Fisher, ikaangukia kwa mwekezaji aitwaye George Bliss, ambaye fedha zake ndizo zilizoendesha kesi. Magazeti ya wakati ule yakaiita vita ya cherehani, na wakili wa upande wa Singer, Edward Clark, ambaye pia alikuwa mbia wake, hakuwa mtu wa mchezo. Mkakati wao ulikuwa mmoja: kuthibitisha kwamba Howe hakuwa wa kwanza. Wakatafuta, wakampata Walter Hunt.

Hunt ni mtu wa kusikitisha na kupendeza kwa wakati mmoja. Ndiye aliyebuni pini ya usalama, ile tunayofungia nepi na nguo zilizochanika, na haki zake akaziuza kwa dola 400 ili alipe deni la dola 15. Kati ya mwaka 1832 na 1834 alikuwa ameshatengeneza huko New York mashine yenye sindano ya tundu kwenye ncha na mshono wa nyuzi mbili. Hakuiombea hataza. Sababu inayosimuliwa ni kwamba binti yake alimwonya: mashine hii itawanyima riziki wanawake wanaoishi kwa sindano. Akaiacha. Miaka ishirini baadaye watu wa Singer wakamtafuta, wakamwambia sasa omba. Jibu la mamlaka ya hataza mwaka 1854 lilikuwa kali: ndiyo, Hunt alitangulia, lakini aliutelekeza uvumbuzi wake, hawezi kurudi miaka yote hiyo baadaye na kuupokonya kwa aliyeuhangaikia. Mwaka huo huo mahakama ya Massachusetts ikampa Howe ushindi, na mwezi Julai Singer akamlipa dola 15,000.

Na tukitaka kwenda nyuma zaidi tutamkuta Mfaransa Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza mwaka 1830 na kufungua Paris karakana yenye cherehani kama 80 za kushona sare za jeshi. Mafundi nguo walioogopa kukosa kazi wakaivamia na kuzivunja. Alikufa maskini mwaka 1857. Nyuma yake tena yupo Mwingereza Thomas Saint, mwenye hataza ya mwaka 1790. Kwa hiyo ukiulizwa nani alivumbua cherehani, jibu la kweli ni refu, na jina moja halitoshi.

Ushindi wa Howe haukumaliza vita. Tatizo lilikuwa hili: Howe alimiliki sindano na mshono. Singer alimiliki mambo yake. Kampuni ya Wheeler & Wilson ilimiliki namna bora ya kusogeza kitambaa. Grover & Baker nao walikuwa na zao. Hakuna aliyeweza kutengeneza cherehani nzuri bila kugusa mali ya mwenzake, basi kila mmoja akamshtaki kila mmoja. Mwaka 1856 wakakutana Albany, New York, mawakili wakiwa tayari kwa kesi nyingine. Rais wa Grover & Baker, Orlando Potter, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria, akatoa wazo: tuweke hataza zetu zote kwenye kapu moja, anayetaka kutengeneza cherehani alipe ada moja, tugawane. Wakakubali. Ada ikawa dola 15 kwa kila mashine, na Howe akapata dola 5 kwa kila iliyouzwa Marekani na dola 1 kwa kila iliyosafirishwa nje. Howe alisisitiza sharti moja kabla ya kuingia: lazima kuwe na watengenezaji wasiopungua 24 wenye leseni, soko lisibaki la kampuni tatu tu. Kwa biashara ya Marekani, hili ndilo kapu la kwanza kubwa la hataza, na mpangilio kama huo unatumika hadi leo kwenye teknolojia za simu na video.

Tusilipambe sana. Kapu hilo liliwakinga wakubwa na kumfanya mnunuzi alipie ada hadi mwaka 1877, hataza ya mwisho ilipokwisha. Lakini lilihamisha fedha kutoka kwa mawakili kwenda viwandani. Singer alitengeneza mashine 810 mwaka 1853. Mwaka 1867 zilikuwa zaidi ya 43,000. Clark akaanzisha mtindo wa kutanguliza dola 5 na kumalizia kidogo kidogo kila mwezi, na cherehani ikaingia nyumba za watu wa kawaida. Kwa hesabu zilizotolewa na Wheeler & Wilson, shati lililohitaji saa 14 na dakika 26 kwa mkono lilishonwa kwa saa 1 na dakika 16.

Howe, mtu aliyesubiri dola 10 za baba yake ili amwone mkewe, akapata mapato yanayokadiriwa kufikia karibu dola milioni 2. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka, alijiunga mwaka 1862 na kikosi cha 17 cha Connecticut kama askari wa kawaida. Kwa kuwa afya ilikuwa mbovu, akapewa kazi ya kupeleka barua. Serikali ilipochelewesha mishahara, alitoa fedha zake kuwalipa askari wenzake. Mwaka 1867 akapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris. Septemba mwaka huo hataza yake, iliyokuwa imeongezewa miaka 7 juu ya 14 ya awali, ikaisha. Tarehe 3 Oktoba, wiki tatu na ushee baadaye, akafa Brooklyn akiwa na miaka 48. Kampuni iliyobeba jina lake ikafifia katika miaka ya 1880. Singer ikaendelea kuuza dunia nzima.

Hapa kwetu mijadala ya ubunifu huwa inaishia sehemu mbili. Kuna wanaosema kasajili kwanza, karatasi ndiyo kila kitu. Kuna wanaosema achana na karatasi, ingia sokoni. Maisha ya Howe yanawajibu wote. Hunt hakuwa na karatasi, akapoteza haki hata ya kile alichokitengeneza kwa mikono yake, na sheria za hataza karibu kila mahali bado zinamwadhibu anayeonyesha kazi yake hadharani kisha anachelewa kuomba. Kwa hiyo kabla hujapanda jukwaani na mradi wako, pitia BRELA ujue pa kuanzia. Howe alikuwa na karatasi tangu 1846, na haikumnunulia hata nauli ya kwenda kumwona mkewe. Ilianza kumlipa baada ya mtu mwingine kuitengeneza mashine ikawa ya kununulika. Singer naye, pamoja na mashine nzuri na mdomo, ilimbidi alipe. Kilichowatoa wote ni siku walipokubali kwamba hakuna kati yao aliyekuwa na cherehani nzima.

Swali la binti wa Hunt halikupata jibu pale Albany, wala kwenye hukumu yoyote. Wanawake waliokuwa wakishona kwa mkono hawakuwa na hataza ya kuweka kwenye kapu, na ada haikuwafikia. Sisi tunaosoma uhandisi, sheria na biashara kwenye zama za mashine zinazoandika na kuchora zenyewe tutaulizwa swali hilo hilo, na pengine mapema kuliko tunavyodhani.